Papa ku train ya moshi

Nadia, uko? Dada Kasoki amejifungia mu chambre, hataki hata kula. Papa amemupatisha haya!

Tulienda kuona ile train ya zamani ya moshi, kwenye baba ya fiancé wake ni bénévole, anatumika bure kwa kupenda. Ba-papa wawili banakutana mara ya kwanza. Papa amevaa costume ya gris, cravate, yote.

Alors anakuta ule baba ya fiancé, muzee, docteur mu retraite, uso mweusi tii, anatupa makaa mu moto na pelle. Papa, mbele ya batu bote: "Nani anakulazimisha? Njoo nikupeleke ku syndicat, batetee haki yako ya kazi!"

Syndicat, Nadia. SYNDICAT.

Muzee anacheka. Hakuna mwenye anamulazimisha, hata cotisation, makuta ya kuwa membre, analipa kila mwaka.

Papa akalegeza cravate: "Sisi kule Bukavu tulikuwa tunakimbia salongo, kazi ya bure kila samedi, ya lazima. Ninyi munailipia?"

Kasoki alitamani ardhi ipasuke imumeze.

Bon, bakamupandisha papa kwa machine ya train, bakamupa pelle. Kushuka, costume ni nyeusi, meno yote inje.

Sasa maman anamukumbusha papa robinet ya cuisine, inavuja tangu Pâques. Eti samedi haiwezekani. Yeye iko na salongo ku train.