Sarara Nilichoma Mimi, Baraka Akapewa Mume Wangu

Bi Zamda mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nina jambo limenikaa kifuani na nikimwambia jirani litafika sokoni kabla yangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sekei, kwetu ni Akheri na nimeolewa na Mwarusha, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa mpishi mkuu katika hoteli moja ya watalii hapa mjini, na nyama ya ng'ombe, Bi Zamda, nasema bila aibu, naijua kuliko wanaume wengi wanaoshika kisu kwenye sherehe. Baba mkwe wangu, Mzee Loishiye, anakaa Terrat, ni mfugaji, amekula nyama maisha yake yote lakini sasa meno yamemwisha, na ni mtu anayejiheshimu, hataki aonekane akimumunya nyama na kuitema mbele ya watu, basi miaka minne hii kwenye sherehe anakunywa supu kidogo, anaaga, anasema anawahi ng'ombe.

Mwezi uliopita alikuja kwetu mchana na wazee watatu wa rika lake kumwombea binti yetu Naisula anayekwenda kusomea udaktari, nami nikajiapiza kwamba siku hiyo mzee atakula nyama. Nikaagiza sarara nzima buchani Kijenge, ile nyama laini ya mgongoni kwa ndani, nikaondoa utando wote, nikaifunga kwa uzi ili iive sawasawa, nikaipaka chumvi tangu jana yake, asubuhi nikaisugua kitunguu saumu, pilipili manga na majani ya rozimeri, nikaibabua kwenye kikaango cha moto mkali mpaka ikawa ya kahawia pande zote, ndipo ikaingia kwenye oveni, na nilipoitoa nikaifunika ipumzike, huku mume wangu Lesian akizunguka akisema, "Kaanaeli, wazee wameshakaa, kata basi," namjibu, "Nikikata sasa utamu wote utabaki kwenye ubao. Ngoja."

Nikaikata vipande vyembamba kama kurasa. Mzee akaweka kimoja mdomoni, akakitafuna kwa ufizi taratibu, akameza, akachukua kingine, akaendelea mpaka kipande cha sita, ndipo akauliza, "Nani amechoma nyama hii?"

Kwa Waarusha nyama ya wazee huchomwa na wanaume, nalijua hilo na Lesian analijua, akanitupia jicho mara moja tu akasema, "Ni mimi, baba."

Mzee akainuka, akamwekea mkono kichwani, akambariki mbele ya wenzake, akasema, "Mwanangu amenirudishia nyama." Nikaingia jikoni nikalia kwenye kitambaa cha vyombo, na mpaka leo sijui nililia kwa furaha ya kumwona mzee anakula au kwa hasira.

Sasa mzee ametangaza Terrat nzima kwamba kwenye kipaimara cha mwanetu Sifaeli mwezi ujao, Lesian ndiye atakayewachomea wazee wote wasio na meno, na Lesian, ambaye hajui hata kuwasha oveni, ananibembeleza nipike nyumbani tuipeleke imefungwa. Nikamwuliza, "Na wakitaka kujua umeifanyaje?" Akasema, "Nitacheka." Bi Zamda, mume wangu si mtu mbaya, lakini ile baraka ilikuwa yangu. Ninyamaze kwa ajili ya amani, au niseme nimwaibishe, au siku yenyewe nikatae kupika waone wenyewe? Tafadhali badilisha majina.

*

Marahaba, mwanangu. Majina nimebadilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitamani sahani.

Kwanza pokea pongezi. Kumwona mtu amenyamaza na aibu yake miaka minne, ukaielewa bila kuambiwa, ukaitafutia dawa jikoni, huo ni upishi na ni utu. Jivunie sana.

Sasa mumeo. Aliogopa baba ataisukuma sahani, na woga huo naufahamu. Lakini wageni walipoondoka alitakiwa akufuate, akwambie, "Mke wangu, nimechukua kilicho chako." Hakuja. Na huu uongo wa pili anaupanga kwa akili timamu, kwa hiyo usiuunge mkono.

Nawe usinifiche uso, zamu yako imefika. Hilo la kukataa kupika siku yenyewe litoe kichwani. Litawaacha wazee na njaa na kumwaibisha Mzee Loishiye, ambaye kosa lake ni kusifu chakula kizuri. Tena swali ulilisikia kwa masikio yako. Hotelini unaamrisha jiko zima, nyumbani kwako sauti ilikwenda wapi?

Mnasema mzee hawezi kula nyama iliyochomwa na mwanamke. Ameshakula, vipande sita, na yu mzima.

Fanyeni hivi. Jumapili hii baada ya ibada nendeni Terrat wawili, wala si kwa simu. Lesian aseme mwenyewe, wewe usimsemee: "Baba, nyama ile alichoma mke wangu, nami nilikudanganya." Asiongeze sababu. Mzee akikasirika, mwacheni akasirike mpaka amalize. Ana haki hiyo. Akisema mila inataka mkono wa mwanamume, usibishane naye. Rudi nyumbani umfundishe Lesian kila Jumamosi mpaka kipaimara, kuanzia kuondoa utando. Kashaipokea baraka ya mpishi, basi aitolee jasho, na mzee ajue mwalimu ni nani. Akikubali uchome wewe, choma kwa fahari.

Baraka yako usiende kuiomba. Mzee aliyempa mwanawe haki yake mbele ya watu, akishaujua ukweli, mkono wake unajua njia.

Na siku ya kipaimara, ukishamaliza kukata, vua aproni, vuta kiti katikati ya wazee, ukae, ule.

Bi Zamda