Maiti Mwenye Masharubu

Achieng' mjukuu wangu,

Sasa? Sisi huku mtaani kwetu Kongo tuko salama. Nyanya yako amepona kikohozi na tayari ananigombeza. Umeuliza mbona bado napenda ile filamu ya kauboi ya bei rahisi, ambayo mtu anafunga mdomo na maneno yanaendelea kutoka. Ni kweli, ni mbovu. Farasi wanapita jiwe lile lile mara tatu!

Lakini mara ya kwanza niliiona na mama yangu kwenye kibanda cha video Kibera, Jumapili tukitoka kanisani. Hakuwa amewahi kuona filamu. Sherifu alipopigwa risasi, mama alisimama, mikono kichwani, akaanza kumlilia kama tunavyolia matangani kwetu ziwani. Nilitamani ardhi inimeze.

Kidogo tu, yule maiti akarudi! Amebandikwa masharubu, sasa ni jambazi. Mama alishtuka hadi leso ikamdondoka.

"Yawa! Si huyu nimemlilia sasa hivi?"

Watu walicheka, wakamweleza kuwa filamu ilikosa pesa, ndiyo maana mtu mmoja anakufa mara mbili. Akaokota leso, akakaa.

Jambazi naye akauawa. Kibanda kizima kikapiga makofi. Mama akasimama tena, akalia vilevile. Nikamvuta nguo: "Mama, ni yule yule, na hajafa!"

"Najua," akasema. "Lakini huyu wa pili mnampigia makofi. Nani atamlilia?"

Makofi yakakatika. Nilishtuka kuliko alivyoshtuka yeye, na hadi leo, jambazi akianguka, mimi huvua kofia.

Babu yako