Damu ya Jirani Gaspari

Mjukuu wangu Zubeda,

Amani ya Mola ikufikie huko Ubelgiji. Sisi wa Biryogo tu wazima, na bibi yako anakusalimu. Umeniuliza iwapo mdogo wako atabaki wetu akishatiwa uboho wa mtu tusiyemjua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama yako, akiwa mtoto, alipungukiwa damu hadi midomo ikampauka. Yangu haikulingana na yake. Jirani yetu Gaspari, fundi cherehani Mkristo, akatoa yake. Nilipomshukuru alinikatiza: "Asante ya nini, Maalim? Sasa tumenywana!"

Alimaanisha kiapo cha wazee wa Rwanda, waliokunywa damu ya wenzao ili wawe ndugu. Nikamjibu kwa uzito kwamba dini yangu inakataza kunywa damu.

Akacheka. "Nani alikunywa? Si ilipita kwa sindano? Huyu mtoto iko yetu wote. Nguo yake ya Idi nitashona mimi."

Akashona, hata gauni la harusi. Siku ile tulimwozesha binti yetu tukiwa baba wawili, nami nikamhimidi Mola.

Mtoaji wenu tumeshaanza kumwombea kama ndugu. Jina lake Mungu analijua.

Babu yako