Chupa Mbili Dirishani kwa Mama Mkwe

Dada Rukia, shikamoo, na salamu kwa wote hapo Mombasa. Kadi haina bahasha, basi mtu wa posta akisoma ajifanye hakuona.

Mimba imetimia miezi sita, na hapa Unguja bado najipendekeza kwa mama mkwe, Bi Mwanaidi. Kliniki ya huku kila ukienda wanataka mkojo, tena wa asubuhi. Jana nikautia kwenye chupa ya dawa, ile ya kahawia, nikaiweka dirishani, nikavaa buibui, nikaichukua nikaenda zangu. Mkunga akafungua, akanusa, akanusa tena, akamwita mwenzake.

"Bibi wee, miaka kumi nnapima mikojo, haujaja hata mmoja unaonukia waridi!"

Kumbe dirishani kulikuwa na chupa mbili, na mimi nimebeba marashi ya mama mkwe! Na siku hiyo ana wageni, wamekuja kumtazama mkwe wa Mombasa. Nikatoka mbio, tumbo mbele, buibui nyuma.

Nikamkuta ameshika mrashi, keshawanyunyizia wote, vichwa na viganja. Wageni wameziba pua kwa buibui, kila mmoja anatazama mkeka. Bi Mwanaidi akaninong'oneza: "Mwanangu, duka lile nshalihama. Marashi yao yameharibika."

Nikamjibu, "Naam, mama."

Niombee nijifungue salama kabla hajagundua. Na njoo ukae nami siku zangu arubaini, dada yangu nikupendaye. Ila marashi, njoo nayo mwenyewe.

Mdogo wako,
Saumu