Siku Nilipomwigiza Baba Mbele ya Baba

Sosiot, Jumamosi jioni, Agosti 1996

Mvua ya mawe imekatika, lakini baridi yake imeingia ndani ya nyumba na haitaki kutoka. Baba amevaa gambuti zake na kwenda kuangalia majani chai. Wambui amejikunja kwenye kochi sebuleni, amejifunika shuka ya Baba. Mimi niko jikoni kando ya moto. Nimenawa uso kwa sabuni lakini masizi niliyojichorea ndevu bado yako kidevuni.

Baba hajaniambia neno tangu tutoke ukumbini.

Si kwamba yeye ni mtu wa maneno mengi. Lakini kuna kimya cha Baba ambacho nakijua, cha mtu anayefikiria ng'ombe au majani, na hiki cha leo si hicho.

Wacha niandike yote, labda nitaelewa nilichofanya.

Mama alitutoka mwezi wa kwanza mwaka juzi. Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, nikaitwa chuoni. Kaka zangu wako kazini mbali na dada ameolewa, kwa hiyo Baba alibaki peke yake na ng'ombe. Alinisindikiza barabarani akiwa amebeba sanduku langu begani, akalipakia, akaniambia nisome, akageuka. Hakungoja gari liondoke.

Chuoni nilikuwa kama bubu. Naenda darasani, narudi hosteli, nalala. Wambui ndiye niliyepangiwa naye chumba kimoja. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Kericho mjini, na yeye ni msichana ambaye akiingia mahali hata viti vinajua. Alikuwa tayari kwenye kikundi cha drama. Siku moja akanivuta mkono. "Njoo tu ushike pazia," akasema. "Hakuna mtu atakuuliza kitu."

Nikashika pazia muhula mzima. Ukishika pazia unasikia kila kitu na hakuna anayekuona, na mimi wakati huo nilitaka hivyo tu. Lakini watu wa pazia pia wanaitwa chai ikiwa tayari, wanatumwa kuazima makoti, wanagombana kuhusu nani amepoteza kofia. Kidogo kidogo nikajikuta nacheka. Nikajikuta nangoja Jumatano na Ijumaa, siku zetu za mazoezi, kuliko siku nyingine zote. Nadhani kikundi kile kiliniokoa. Sijawahi kuwaambia.

Halafu yule kijana aliyekuwa anaigiza mzee akapelekwa mafunzo ya kazi nje ya chuo, na mchezo ukabaki bila mzee. Wambui alikuwa amenisikia chumbani nikikohoa kama Baba ili kumchekesha. Akasema mbele ya wote, "Mzee tunaye. Ndiye huyu hapa ameshika pazia."

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mzee amefiwa na mkewe. Binti yake amepata nafasi ya kwenda chuo, na mzee anamkatalia. Anatoa sababu hii na ile: nani atakamua ng'ombe, mji una tabia mbaya, mwanamke akisoma sana hivi na vile. Sababu ya kweli ni kwamba anaogopa kubaki peke yake, lakini hiyo hawezi kuitamka.

Kuna sehemu mzee yuko peke yake asubuhi. Skripti haikuwa imeandika kitu hapo. Wambui, ambaye ndiye anayetuongoza, aliniambia, "Jaza hapa. Fanya chochote ambacho mzee anaweza kufanya."

Nikafanya ninachokijua.

Likizo yangu ya kwanza kutoka chuo niliamka mapema, nikamwona Baba kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa amepika chai. Akapanga vikombe viwili mezani, akavijaza vyote viwili, akachukua kimoja. Akakitazama kile kingine. Halafu akakiinua, akairudisha chai yake ndani ya birika polepole, tone kwa tone, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akaketi, akanywa chake. Nilirudi kitandani nikajifunika uso.

Hicho ndicho nilichokiweka jukwaani. Chuoni, siku ya kwanza, watu waliangua kicheko. Walidhani mzee amechanganyikiwa. Kikundi kikafurahi kwamba tumepata mahali pa kuchekesha. Wambui peke yake hakucheka. Tulipokuwa tunakunja mavazi aliniuliza, "Hiyo ya vikombe ni ya nani?"

"Ya baba yangu."

 Akaniondolea masizi shavuni kwa kidole gumba, kama dada mkubwa.

Likizo hii kikundi kimeamua kuzunguka nyumbani kwa wanachama, kuigiza kwenye shule na kumbi za makanisa, tuwape moyo wanafunzi wanaotaka kufika chuo. Baba yake Wambui akatupa pikapu. Na Sosiot ikawa kwenye ratiba. 

Nilimwambia Wambui kwamba Sosiot sitafanya ile ya vikombe. Hapa kila mtu alimjua Mama. Aliimba kwaya ya kina mama miaka mingi, na nusu ya watoto wa hapa walipokelewa na mikono yake. Siwezi kuchukua huzuni ya Baba, nikaitandaza mbele ya majirani kama mahindi juani. Wambui akakubali mara moja. Tukapanga badala yake mzee aseme maneno machache tu: "Siku hizi hii nyumba imekuwa kubwa." Halafu binti aingie, tuendelee.

Pia nilijipa moyo kwamba Baba hatakuja. Tulipofika jana alimpokea Wambui vizuri sana. Nilikuwa na wasiwasi kidogo, maana si miaka mingi tangu watu wa huku na watu wa kabila lake waangaliane vibaya, na majeraha mengine hayajapona. Baba alimpa kiti kizuri, akamkamulia maziwa ya ng'ombe yule mtulivu, akamwuliza habari za wazazi wake. Anamwita Wampui. Wambui amelipenda hilo jina, anasema atalibadilisha kwenye kitambulisho. Lakini tulipomweleza kuhusu mchezo, Baba alitikisa kichwa.

"Wampui, mimi nilipeleka huyu akasome. Sasa mnaniambia anasomea mchezo?"

"Ni mchezo wa kuigiza, Mzee," Wambui akasema. "Kwanza yeye ndiye hodari kuliko sisi wote."

"Mchezo ni mchezo," Baba akasema. "Kesho mimi nachuma majani."

Leo mchana ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nilichungulia nyuma ya pazia. Mbele kabisa, kwenye benchi la wazee wa kanisa, Baba alikuwa ameketi na kofia yake magotini. Kando yake ni senge, dada yake mkubwa, ambaye nina hakika ndiye aliyemkokota kutoka shambani.

 Wambui akanishika mabega. "Wewe si Chelangat sasa. Wewe ni mzee. Nenda."

Nikatoka nimevaa koti la kuazima na kushika fimbo. Nilipokohoa mara ya kwanza, ukumbi mzima ulicheka. Senge alipiga makofi akasema kwa sauti, "Woi, si huyu ni ndugu yangu kabisa!" Watu wakacheka zaidi. Baba hakucheka. Alitazama chini kwenye kofia yake.

Tuliendelea vizuri mpaka mawe yalipoanza.

Mtu asiyejua huku hawezi kuelewa kelele ya mvua ya mawe juu ya mabati. Ni kama lori la kokoto linamwagwa juu ya kichwa chako na haliishi. Binti wa mchezo alikuwa anafungua mdomo na mimi sisikii hata neno moja. Watu waliangalia dari. Kila mmoja pale ana chai shambani, na kila mmoja alijua hayo mawe yanafanya nini kwa majani wakati huo. Wachache waliinuka, wakafika mlangoni, wakaona hakuna la kufanya, wakarudi kuketi.

Binti akatoka jukwaani. Nikabaki peke yangu. Ilikuwa ndiyo ile sehemu ya asubuhi.

"Siku hizi hii nyumba imekuwa kubwa," nikasema. Sikujisikia hata mimi mwenyewe. Nikarudia kwa kupaza sauti. Hakuna. Watu walikuwa wananitazama, wanangoja. Nikamwangalia Wambui pembeni. Akafungua mikono yake, kama mtu anayesema: amua wewe.

Birika na vikombe vilikuwa pale mezani kwa sababu ya sehemu ya mwisho, ambapo mzee na binti wanakunywa chai pamoja.

Sijui kama niliamua. Mikono yangu ilienda yenyewe. Nikajaza kikombe. Nikajaza cha pili. Nikachukua changu, nikakitazama kile kingine, nikairudisha chai yake ndani ya birika polepole.

Hapa hakuna aliyecheka.

Niliona wanawake wa kwaya wakivuta leso. Niliona senge ameziba mdomo kwa mkono. Kumwangalia Baba sikuweza. Nilinywa ile chai baridi, nikangoja mawe yaishe, na ukumbi mzima ukangoja pamoja nami. Yalipopungua hatimaye, binti akaingia, tukamaliza mchezo. Watu wakapiga makofi kidogo tu, kama kanisani, kisha wakatoka haraka kwenda kuona mashamba.

Senge alikuja akanishika uso kwa mikono miwili. Alitikisa kichwa tu, machozi yakimtoka. Nilipomtafuta Baba, alikuwa ameshatoka.

Nimemwibia kitu mbele ya macho yake. Hivyo ndivyo ninavyohisi. Kilikuwa chake, asubuhi yake, na alikuwa na haki ya kukificha.

Nasikia gambuti mlangoni. Naacha hapa.

*

Nimerudi. Naandika haraka kabla sijasahau maneno yake yalivyokuwa.

Baba hakai jikoni. Tangu nikiwa mtoto, hupokea chakula sebuleni. Leo aliingia, akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa moto na kunyoosha mikono.

"Majani ya juu yameisha," akasema. "Ya kule chini karibu na mto yamepona."

"Pole, Baba."

"Yataota tena."

 Nikasukuma kuni motoni ingawa hazikuhitaji kusukumwa.

"Uliniona lini?" akauliza.

Nilitamani kujifanya sijaelewa. "Likizo yangu ya kwanza. Asubuhi moja."

"Nilidhani umelala."

"Sikuwa nimelala. Baba, nilikuwa nimeamua hapa kwetu nisifanye ile. Ni mawe tu..."

Akainua mkono kunizuia. 

"Watu walikuwa wanakuja hapa baada ya matanga," akasema. "Wananiuliza, Mzee, unaendeleaje? Mimi nawajibu, naendelea vizuri. Sasa ungetaka niwaambie nini? Mwanamume atasema nini? Leo wazee wenzangu wamenishika mkono pale nje, mmoja mmoja. Hawakuniuliza kitu." Akatazama moto. "Ilikuwa vizuri hivyo."

Nililia, shajara, siwezi kuficha. Baba alijifanya haoni. Kisha akakohoa, kikohozi chenyewe hasa, nami nikacheka katikati ya machozi.

"Lakini mimi sikohoi vile," akasema, na nikaona mdomo wake unataka kutabasamu. "Wewe unakohoa kama mbuzi."

"Senge amesema ni wewe kabisa."

"Senge yako hasikii vizuri siku hizi."

 Kutoka sebuleni tulimsikia Wambui akikoroma kidogo, mwenyekiti wetu mheshimiwa. Baba akasimama, akasawazisha koti lake. Nilidhani amemaliza. Akafika mlangoni, akashika fremu, akaongea bila kugeuka.

"Hii pikapu yenu. Mnaenda wapi baada ya hapa?"

"Jumatatu Bomet. Halafu Chebunyo, halafu tunarudi chuoni."

"Chepilat hamfiki?"

Chepilat ndiko alikozaliwa Mama. Kogo, mama yake, bado yuko hai huko, na Baba amemtembelea mara moja tu tangu mazishi.

"Haiko kwenye ratiba, Baba."

"Mimi nikienda kule nakaa kama jiwe," akasema. "Yule mama mzee ananiangalia, anadhani nilimsahau mtoto wake. Sina mdomo wa kumwambia. Nyinyi nendeni mumwonyeshe."

Akaenda kulala.

Sijui kama nina nguvu za kukifanya kitu kile mbele ya Kogo. Sijui kama Wambui atakubali kuipindua ratiba yote, na petroli ni ya babake. Lakini kesho, kabla ya ibada, nitamwamsha nimwambie tuna kituo kingine cha kwenda.

Akiuliza kwa nini, nitamwambia tumealikwa.