Majina Matano

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
21 Agosti 1999

Dada yangu Salma,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, wewe, shemeji na watoto, na Mama miguu itakuwa imempunguzia kidogo. Mie huku mzima wa kula na kutembea, hayo mengine utayasoma. Najua umeninunia. Barua zako mbili sikuzijibu, na hiyo ya pili ilikuwa mistari minne, hata salamu hukuweka. Haki yako. Ungekuwa karibu ungenifinya.

Kazi bado ni ile ile, dukani kwa Mzee Gulamabbas, ila siku hizi mashine ya kutoa kopi imesogezwa pembeni, mahali pake pana kompyuta tano za intaneti. Watu wanakuja kusoma matokeo ya mpira, kutafuta vyuo, kuwaandikia ndugu walio Ulaya. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo asiyekijua nakaa naye, namsomea kwa Kiswahili, na akitaka kujibu ananiambia, nachapa. Kiingereza changu cha kidato cha nne, kile ulichokuwa unakicheka, ndicho kinachonilisha.

Kuna mama anaitwa Demetria, mtu wa Songea, anauza maandazi nje ya geti la hospitali. Alikuwa anakuja kila siku saa nne asubuhi, biashara ikipoa, anakaa kwenye kompyuta ya mwisho. Upo ukurasa ambao wanawake wenye virusi vya ukimwi, wa nchi nyingi, wanaandikiana. Wanaulizana la kufanya ukianza kuharisha, vidonge gani vinazuia homa ya mapafu, mume umwambieje. Namsomea kwa sauti ya chini, tumeinamiana. Ana mimba, dada. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kampala akaandika kwamba kwao kuna dawa wameijaribu kwa wajawazito ili mtoto asiambukizwe, akaahidi kutuletea jina lake na nani aulizwe hapa Dar. Siku hiyo Demetria alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Kabla jibu halijaja, ikaja barua ya serikali. Ofisi yenyewe siitaji. Iliagiza kila duka la intaneti liweke programu ya kuzuia kurasa za matusi na uchafu, na diski imo humo humo ndani ya bahasha. Mzee akaniambia niiweke, leseni yake inakwisha Desemba na hataki kesi. Nikaiweka kwa mikono yangu hii, wala sikubisha, maana zile picha chafu hata mie zilikuwa zinaniudhi, wanaume wazima wanazifungua na kuziacha hapo bila haya. Kumbe programu haiangalii picha, inaangalia maneno. Ukitaja sehemu za siri inafunga, ukitaja kujamiiana inafunga. Sasa wagonjwa wa ukimwi wataandikiana nini bila kuyataja hayo? Demetria alipokaa saa nne, skrini ikaandika kwamba ukurasa huu hauruhusiwi. Nilipomsomea, akaniuliza wenzake wamemfukuza kwa kosa gani. Niliona haya vibaya.

Nikaenda kwenye hiyo ofisi mara tatu. Ya kwanza nikaambiwa niandike maombi, ya pili bwana anayehusika yuko semina, ya tatu akanisikiliza. Si mtu mbaya. Nikamwambia mtu mzima ana haki ya kujua kinachomuua, na serikali hiyo hiyo inayobandika mabango ya ukimwi barabarani haiwezi kutufungia maandishi ya ukimwi dukani. Akasema maneno yangu mazuri, lakini yeye haoni aliyedhurika, anaona mhudumu wa duka tu. Nilete watu watano wanaousoma ukurasa huo kwa shida zao wenyewe, majina kamili, sahihi na mahali wanapoishi, naye atayapeleka juu.

Nikajua nimeshinda. Watano tu! Mie nilikuwa nawajua kumi na mmoja. Wa kwanza akaniapia hajawahi kuufungua, na mie ndiye niliyekuwa namsomea. Wa pili, mwalimu, akaacha kabisa kuja. Demetria akaniambia taratibu kwamba akiliandika jina lake kwenye karatasi ya serikali, kesho mwenye nyumba atamtolea vyombo nje, na hapo getini hakuna atakayenunua andazi lake, sasa huyo mtoto atamzalia wapi. Mdomo wangu unaujua. Nikawaita waoga, mbele ya Mzee na wateja, nikasema watu wa namna hii ndio wanaofanya tufungiwe kila kitu. Demetria akainuka, akabeba beseni lake, akaondoka. Wiki nzima hakuja. Kila ikifika saa nne nilikuwa naangalia kile kiti.

Dada, mie nikiingia chumbani kwangu hakuna anayebisha hodi. Tangu Nassibu afariki, wapangaji wenzangu wananisalimia kwa mbali, na hakuna anayeazima hata kikombe changu. Nyie niliwaambia mume wangu kaondoka na kifua. Hakikuwa kifua. Na mie nilipimwa baada ya arobaini yake, cheti kiko chini ya godoro, mwaka na nusu sasa. Ule ukurasa niliugundua mie kabla ya Demetria. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, ndio hao niliokuwa nazungumza nao, wanawake ambao hata sura zao sizijui, tena kwa jina la uongo. Wengine nimewaita waoga, na karatasi ya sahihi ilikaa mezani kwangu siku tisa, yangu haimo.

Jumanne nikaandika. Raudha binti Mwinjuma, nina virusi, ukurasa huu nausoma kwa ajili yangu, naishi Mwananyamala nyuma ya hospitali. Nikamwonyesha Mzee Gulamabbas kwanza. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama Mama anajua. Nikasema hajui. Akasema basi niwahi. Yule bwana ofisini akagonga mhuri bila kunitazama, akasema bado wanne. Karani wake, mtu wa huko huko Tanga, akaniuliza mie ni binti wa Mwinjuma yupi. Ndiyo maana naandika haraka, msije mkasikia kwa mtu.

Ukurasa umefungwa mpaka leo. Demetria nilimfuata getini nikamwomba radhi, akanipa andazi, nikalila hapo hapo nimesimama. Mimba imeingia mwezi wa nane.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto wote, na majirani wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Ikikuwia vigumu kunijibu nitaelewa, ila nitaumia, sikufichi.

Jambo moja tu nakuomba. Najua barua zangu unamsomea Mama hapo barazani, na palipo na baya unaparuka, unatia lako zuri. Nilijua alipokuja kwenye arobaini ya Nassibu, akawa ananishukuru kwa habari ambazo sikuziandika. Hii msomee yote, dada. Usiruke hata mstari.

Mdogo wako,
Raudha