Ski Moja Imesimama Uani

Nyamisati,
Kibiti, Pwani.
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mpendwa mpwa wangu Azan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya lolote, hali yako? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Na kazi ya kiwandani huko Norwe inakwendaje, bado mnashika samaki wa barafu mpaka vidole vinakufa ganzi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti langu tu ndilo lenye maneno masika haya, lakini alfajiri msikitini nafika. Mama yako mwili hajambo. Mengine ya mama yako nitayafikia, usiruke mistari.

Dada yako Maryam tumbo limekuwa kubwa, amehamia kwa mama yako mpaka ajifungue, inshallah. Anakula maembe mabichi kutwa nzima na kumfokea kila mtu, mimi mjomba wake nikiwemo. Mvua zimeshika kweli. Barabara ya kuja huku kutoka Bungu ni tope tupu, pikipiki zinasukumwa zaidi ya kupandwa.

Barua hii anakuletea Imran, yule mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kibiti mjini. Ndiye aliyetufikishia mzigo wako, na wiki ijayo anarudi huko. Ningeweza kukupigia simu, lakini wewe kwenye simu ukibanwa unacheka, halafu unasema mtandao mbaya. Nimeona bora nikuandikie.

Basi huo mzigo, uliosema umetutumia tuone unachopandia milima. Tulipoufungua nilishangaa. Ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji ninazoziona kwenye televisheni, ni ndefu kama upondo wa mtumbwi. Zako nimezisimamisha, zimenifika kiunoni! Nikasema masikini, mtoto wa watu kauziwa za watoto. Imran ndiye aliyenielewesha kwamba zimefanywa fupi makusudi. Mtu anazifunga kwenye buti zake za kawaida, anapanda nazo mlima kwa miguu, anapita katikati ya miti bila kunasa, huko ambako hakuna njia wala mashine ya kubeba watu. Akichoka anazitia mgongoni. Na kule chini zina manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukienda mbele yanateleza, ukirudi nyuma yanakamata theluji, kwa hiyo mtu anapanda bila kuserereka.

Manyoya hayo, Azan, yametutia kwenye balaa. Mama yako aliyapapasa mara moja tu, akazirusha ski uani kama kashika nyoka. Kwake haikuwa na mjadala, ni nguruwe, kwani huko unakokaa wanafuga nini kingine? Akanawa mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Maryam naye akanaweshwa, ingawa hakuwa amegusa chochote. Ski zako zikalala nje ya banda la kuku.

Kesho yake nikamleta mwalimu Haidari wa madrasa. Akavaa miwani, akainama, akayatazama manyoya hayo kwa kutumia kijiti, akasema yeye hatoi hukumu kwa kitu asichokijua. Ikabidi tumpigie Imran, naye akawauliza mtandaoni waliozitengeneza. Mbuzi! Manyoya ya mbuzi, mpwa wangu. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mama yako hakucheka. Alisema tu ungeandika hilo kwenye mzigo, ungepungukiwa na nini.

Sasa mimi theluji sijaiona, lakini tope nalijua. Nikazifunga kwenye mabuti yangu ya mpira, maji yalipokupwa nikashuka nazo kwenye mikoko, kule tunakotafuta kaa. Wallahi zilinibeba. Mahali ninapozama mpaka magotini nilikuwa napita juu juu, nikajiona mfalme. Kina mama waliokuwa wakitafuta kaa wakaacha makapu wakanitazama. Ndipo nilipokuta shimo mbele yangu nikataka kupiga hatua ya kurudi nyuma. Hee! Manyoya yakang'ang'ania tope, mwili umeshatangulia, miguu imebaki. Nikakaa kitako mpaka tope likanifika kifuani. Walinivuta kina mama wale wale, na habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Mama yako aliponiona alicheka mpaka akaketi chini. Nilifurahi, tope na yote, maana nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ulipotutumia ile video katikati ya Ramadhani.

Sasa tumefika penyewe. Kwenye video ile uko juu ya mlima, weupe kila upande, unasema uko peke yako, unapanda kidogo tu, unashuka sasa hivi. Wewe uliona unatuonyesha mahali pazuri, na kweli pazuri. Mama yako alisikia hilo neno "sasa hivi" akarudisha simu kwa Maryam. Tangu siku hiyo, ukipiga, yuko anaswali, yuko kwa jirani, kalala. Usidhani ana hasira na wewe. Ana hofu, na hofu yake ina sababu.

Marehemu baba yako Tamimu alipoondoka ulikuwa mdogo, na najua hukuelezwa sawasawa. Nakueleza mimi. Huku kwetu mtu akiingia kwenye mikoko peke yake huchomeka ufito ukingoni na kuufunga kitambaa chake. Akitoka anaung'oa. Maji yakianza kujaa na ufito bado umesimama, watu hawaulizani, wanaingia mitumbwini kwenda kutafuta. Na ufito wa mtu hang'oi mwingine, hata awe mke wake, kwa kuwa ukishang'olewa hakuna atakayemtafuta tena.

Siku ile baba yako hakuchomeka. Alimwambia mama yako hana haja, anachungulia mitego yake ya kaa tu, anatoka sasa hivi. Maji yakajaa, ukingo ulikuwa mtupu, kila mtu akajua hakuna aliyebaki ndani. Mama yako alipoanza kuuliza tulikuwa tumeshachelewa. Tulimpata maji yalipokupwa tena, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa mzembe baba yako, alikuwa anaijua mikoko kuliko sisi sote, na naumia mpaka leo nikiandika.

Jioni ile nilipotoka kwenye tope, mama yako alipokwisha kucheka, alichukua ski moja, akaiosha vizuri, akachana kipande cha kanga yake akakifunga juu. Halafu akaichomeka uani, kati ya banda la kuku na mlango wa jikoni. Nilimwambia, dada, Azan alishashuka zamani, yuko kazini, anatuma ujumbe kila siku. Akanijibu kwamba yeye hajamwona akiung'oa ufito wake.

Ipo mpaka leo. Kuku wanapanda juu yake. Maryam alitaka kufungia kamba ya nguo, akazuiwa. Kila asubuhi mama yako anakwenda kuigusa aone kama bado imesimama imara, maana mvua zinalainisha udongo. Juzi ililala kidogo nikataka kuitoa tu tumalize maneno. Alivyonitazama, niliirudisha mwenyewe na kuishindilia kwa mguu.

Sikukatazi milima, mpwa wangu. Wewe ni mtu mzima, na ningekuwa na goti lako na mimi ningepanda. Ila nenda na mwenzako, na useme unakwenda wapi na unarudi lini. Na uje nyumbani. Umekuwa ukisema mwakani tangu Maryam hajaolewa. Jitahidi Eid ya kuchinja utukute wote, mtoto wa Maryam naye umtie jina masikioni.

Maryam anakusalimu, mumewe anakusalimu, mwalimu Haidari anakusalimu na anauliza kama una ngozi nyingine za kukaguliwa. Mungu akulinde upandapo na ushukapo, akupe riziki ya halali na njia ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
Mjomba wako,
Swalehe

Nilikuwa nimeshaifunga barua, mama yako kaingia na ile ski ya pili, kaizungusha kanga na kuifunga kwa kamba. Anasema Imran akupelekee hii. Nyingine uifuate mwenyewe.